Inglourious Basterds: sinema ya kisasi inayotaka masikio kabla ya macho

Inglourious Basterds ilitoka mwaka 2009, na katika maduka ya muvi ya Kisumu na Nakuru bado hupangwa pamoja na sinema za vita, pale zinapokaa za makomando na za vifaru. Mteja anayeibeba akitarajia makombora huona amepunjwa. Inachukua dakika 153, na sehemu kubwa ya dakika hizo watu wameketi mezani wanazungumza: meza ya jikoni, meza ya hoteli, meza ya baa. Risasi zikilia, huwa zimekwisha kabla hujakaa sawa. Kwetu hiyo ndiyo nguvu yake. Quentin Tarantino, aliyeiandika na kuiongoza, ametengeneza sinema ya vita ambamo silaha kubwa ni lugha. Anayeitazama bila kufuata ni lugha gani inasemwa, na nani pale mezani haielewi, ameitazama nusu.

Tunaipima hapa kwa ajili ya mtu anayetaka kununua nakala yake au kuionyesha kwa kikundi, iwe ni ukumbi wa Milimani au banda la video la Nyalenda au Kaptembwa. Hadithi tunaieleza mpaka mwisho, kwa kuwa mwisho wenyewe ndio unaohitaji mazungumzo zaidi. Asiyetaka kuujua asome sehemu za maandishi ya chini, picha na sauti, kisha arudi baada ya kuitazama.

Tuko Ufaransa, nchi imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Sura ni tano. Upande mmoja yupo Luteni Aldo Raine (Brad Pitt), Mmarekani wa Tennessee, anayekusanya askari wanane Wamarekani Wayahudi na kuingia nao nchini humo kwa siri ili kuwatia Wajerumani hofu. Hakuna askari anayemdai Raine kitu. Ni Raine anayewadai wao, kila mmoja ngozi 100 za vichwa vya Wanazi. Upande wa pili yupo Shosanna Dreyfus (Mélanie Laurent), msichana Myahudi aliyeponea chupuchupu mwaka 1941 jamaa zake walipouawa. Mwaka 1944 anaendesha jumba la sinema jijini Paris kwa jina la bandia. Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, anaamua kuzindulia humo sinema yake mpya, na wakuu wa utawala wote watahudhuria, Hitler akiwemo. Pande hizi mbili zinapanga kuwaua usiku mmoja, na hazijuani. Anayezunguka katikati yao ni Kanali Hans Landa wa SS, kikosi cha Kinazi, mwindaji wa Wayahudi, ambaye Christoph Waltz amemcheza kwa namna inayomfanya mtu asitamani aondoke kwenye skrini ingawa kila anapokuja kuna atakayekufa.

Sura ya kwanza ichukue kama somo zima. Landa anafika kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aitwaye Perrier LaPadite (Denis Ménochet). Anakataa divai na kuomba glasi ya maziwa. Anatoa karatasi, kalamu na kidau cha wino, anavipanga mezani taratibu kama karani wa ardhi, na kuanza kuuliza majina na umri wa watu wa familia ya Dreyfus. Walianza kwa Kifaransa. Lakini kabla ya kutoa karatasi hizo alisema Kifaransa chake kimemwishia, ameona aibu kuendelea nacho, je, wanaweza kuhamia Kiingereza? Kifaransa chake ni safi kabisa. Mtazamaji mgeni hudhani hapo sinema inamhurumia yeye, imwondolee kazi ya kusoma. Baada ya muda kamera inashuka kwenye miguu ya meza, inapita mbao za sakafu, na chini yake wamelala watu, mikono imeziba midomo. Hao hawajui Kiingereza. Landa amebadili lugha ili wasisikie mwenye nyumba anavyobanwa mpaka awatoe. LaPadite, machozi yakimtiririka, anaonyesha kwa kidole pale walipo. Landa anarudi kwenye Kifaransa kwa sauti ya uchangamfu, anaaga kama mgeni anayeshukuru kwa maziwa, na kuaga huko ndiko kunakowaingiza askari wenye bunduki wanaoimiminia sakafu risasi.

Takriban dakika 20 zimepita na hakuna aliyepaza sauti. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa kwa nini inatisha. Umeketi na watu stendi au ofisini, mazungumzo yanaendelea kwa Kiswahili, halafu ghafla wawili wanahamia Kidholuo, Kikuyu, Kalenjin au Kiluhya, na wewe uliyebaki nje unaanza kusoma nyuso. Tarantino ameichukua hali hiyo na kuipeleka mpaka mahali inapoua. Tunaamini sinema hii inaeleweka Kisumu na Nakuru upesi kuliko mahali ambapo mtu huzaliwa, husoma na huzikwa kwa lugha moja.

Jambo hilohilo linarudi katika sura ya nne, kwenye baa ya chini ya ardhi katika kijiji cha Nadine. Luteni Archie Hicox (Michael Fassbender), Mwingereza aliyekuwa mhakiki wa sinema kabla ya vita, amevaa sare ya afisa wa Kijerumani. Kijerumani chake ni kizuri lakini anashrabu. Meja wa Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi, aitwaye Hellstrom (August Diehl), anaisikia lafudhi hiyo akiwa ameketi pembeni, anakuja mezani na kuuliza inatoka wapi. Hicox ana jibu tayari, kwamba kwao ni kijiji cha milimani chini ya Piz Palü, na jibu linakubalika. Kinachomponza ni mkono. Anaagiza glasi tatu kwa kuinua kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Mjerumani huanza kuhesabu na dole gumba: gumba, shahada, cha kati. Kamera haielezi kitu wakati huo. Tazama uso wa Hellstrom unavyotulia. Mandhari hii inazidi dakika 20, na mtu akienda msalani akarudi, atakuta maiti bila kujua kilichotokea.

Humo humo kuna mchezo wa karata ambao tusingependa umpite mtazamaji wa Afrika. Kila mchezaji ana jina limebandikwa kwenye paji la uso asiloliona, anauliza maswali mpaka alibaini. Hellstrom anagundua kwamba ametoka porini, kwamba alipelekwa Marekani kwa meli, na kwamba alifungwa minyororo. Anauliza kama yeye ni hadithi ya mtu mweusi Marekani. Akiambiwa hapana, anajibu papo hapo: basi ni King Kong, yule sokwe mkubwa wa sinema. Wote wanapiga makofi kwa akili yake. Mstari huo mmoja unafichua mengi kuhusu sinema za zamani za Marekani, na Tarantino ameuweka kinywani mwa Nazi bila kumwokoa Mmarekani yeyote na aibu hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu nakala yoyote ni maandishi ya chini. Kuna aina tatu. Ya kwanza yamechapwa ndani ya picha. Hayazimiki, na kwa banda la video ndiyo salama zaidi. Ya pili yamo ndani ya faili lakini sharti uyawashe, na mara nyingi utakuta machaguo mawili: moja la mazungumzo yote, jingine la Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano tu. Kwa kikundi kinachosikia Kiingereza vizuri chukua hilo la pili. Ya tatu ni faili ya pembeni yenye kiishio cha .srt. Lazima ikae folda moja na sinema na ibebe jina lilelile, herufi kwa herufi, vinginevyo runinga inayosoma flashi haitaiona. Kama Landa na LaPadite wanazungumza Kifaransa na chini hamna kitu, simamisha hapo hapo. Usijidanganye kwamba maneno yatakuja mbele. Jambo moja lisikutie wasiwasi: maneno mepesi kama oui na merci yameachwa kwa Kifaransa ndani ya maandishi yenyewe. Ndivyo sinema ilivyotengenezwa.

Kasoro inayoharibu maonyesho mengi ni maandishi kukimbia au kubaki nyuma. Angalia urefu wa nakala kwanza. Ya dakika 153 inakwenda kwa fremu karibu 24 kwa sekunde. Iliyotengenezwa kwa mfumo wa runinga wa PAL inakwenda fremu 25 na inakwisha kwa takriban dakika 147. Ukiweka maandishi ya moja kwenye nyingine yataanza sawa, na baada ya saa moja yatakuwa yamepishana na sauti kwa zaidi ya dakika mbili, yaani baa ya Nadine itakuwa fujo tupu. Vitufe vya G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea video, husogeza maandishi yote kwa kipimo kimoja, kwa hivyo hapa havitibu, maana tatizo ni mwendo. Fungua sehemu ya kulandanisha ndani ya VLC ubadilishe kasi ya maandishi, au tafuta faili inayolingana na nakala yako. Jaribu sehemu mbili kabla watu hawajafika: mazungumzo ya kwanza shambani, halafu ruka mpaka baani, baada ya saa ya kwanza. Pakiwa sawa pote pawili, umemaliza.

Kikundi kinachotaka Kiswahili kinaweza kuandika .srt yake kwa programu ya kawaida ya maandishi: namba, muda wa kuanza na wa kumaliza, mstari mmoja au miwili isiyozidi herufi 42 kila mmoja, kisha mstari mtupu. Hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo majina ya Kifaransa yatageuka alama za ajabu. Na kila lugha inapobadilika, iandike kwenye mabano: Kifaransa, Kijerumani, Kiingereza, Kiitaliano. Ukiacha alama hizo, mtazamaji atasoma Kiswahili kimoja kilichonyooka na hataona Landa alivyoufunga mtego.

Hapo ndipo toleo la dijei anayetafsiri juu ya sauti linaposhindwa. Madijei hao wana kipaji, na sinema ya ngumi au ya Kihindi wanaitia uhai unaojaza banda. Lakini hii imejengwa juu ya sauti za watu. Ukizifunika zote kwa sauti moja, LaPadite na watu walio chini ya sakafu wanakuwa wanasikia kitu kimoja, na sura ya kwanza haina maana tena. Inunue yenye sauti yake.

Kuhusu picha, ni pana: upana wake ni mara 2.39 ya kimo. Kwenye runinga ya kawaida au projekta utaona mistari myeusi juu na chini, na kuna watu hubonyeza kitufe cha kukuza ili skrini ijae. Kufanya hivyo kunakata karibu robo ya upana, na kwa kuwa mpigapicha Robert Richardson hupenda kuweka uso mmoja ukingoni huku na mwingine ukingoni kule, utakuwa na mtu anayezungumza na ukuta. Maandishi ya chini nayo yanaweza kukatika. Acha mistari myeusi. Kwa projekta, zima taa na ziba madirisha, maana sura ya nne iko chini ya ardhi na rangi zake ni za kahawia na giza. Mwanga wa mchana ukipenya kwenye mabati hutamwona mtu.

Sauti ina shida yake. Nakala nyingi zimerekodiwa kwa chaneli tano na besi, na mazungumzo yamewekwa kwenye chaneli ya katikati. Ukizicheza kwenye spika mbili bila kupanga, watu wananong'ona na bunduki zinapasua masikio. Chagua sauti ya stereo kwenye faili au kwenye kifaa, na kwenye VLC washa kikandamizaji sauti ndani ya madoido ili maneno yapande na milipuko ishuke. Ukipanga sauti kwa mandhari ya maziwa, mpaka usikie kalamu ya Landa ikikwaruza karatasi, ya risasi itajipanga. Kuhusu flashi, faili inayozidi GB 4 haiingii kwenye iliyofomatiwa kwa FAT32. Badilisha iwe exFAT, na uhakikishe mapema kwamba runinga yako inaisoma.

Turudi kwa waigizaji. Waltz, mzaliwa wa Austria, hakuwa akijulikana sana nje ya nchi zinazosema Kijerumani. Alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume Cannes mwaka 2009, kisha Oscar ya mwigizaji msaidizi. Sinema iliteuliwa kwa Oscar nane na hiyo ndiyo pekee iliyopata. Aliistahili. Mtazame katika sura ya tatu, hotelini, anapoketi na Shosanna, ambaye alimwona mara ya mwisho akikimbia shambani mwaka 1941. Je, amemtambua? Anamwagizia glasi ya maziwa. Wanaletewa strudel, keki ya matofaa, na anamzuia asile kwanza, wasubiri krimu. Kamera inakaribia krimu, uma, mdomo. Mwishowe anazima sigara kwenye mabaki ya keki yake, anaaga, na Shosanna anaachia pumzi aliyokuwa ameibana muda wote. Laurent hapewi sifa za kutosha kwa mandhari hiyo. Kazi yote ya hofu ni yake.

Brad Pitt amepewa lafudhi nene na taya lililosogezwa mbele, anachekesha, hasa anapojifanya Mwitaliano mbele ya Landa ambaye Kiitaliano chake ni cha ufasaha. Wapiganaji wake, ambao jina la sinema ni lao, ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Wengi hawana hata mistari kumi ya kusema. Sura ya pili, ambapo Donny Donowitz (Eli Roth) anamuua sajini wa Kijerumani kwa rungu la besiboli, inataka tushangilie, lakini sajini yule amekataa kuwasaliti wenzake na anakufa akiwa na heshima zaidi ya wanaomuua. Kama Tarantino alitaka tuone hilo, alilipita haraka mno. Mike Myers akiwa jenerali wa Kiingereza chini ya vipodozi vizito anatoa mtu kwenye hadithi kabisa.

Dosari inayotuuma zaidi ni Marcel. Ndiye mtu mweusi pekee mwenye nafasi kubwa: fundi wa projekta, mpenzi wa Shosanna, na ndiye atakayewasha moto. Jacky Ido, mzaliwa wa Ouagadougou, anamcheza kwa utulivu wa kuvutia. Landa anamwagiza Shosanna kwamba usiku wa uzinduzi Marcel asiguse projekta kwa sababu ya rangi yake. Zaidi ya hapo hatuambiwi alitoka wapi wala amepoteza nani. Na mambo ya kusema yalikuwepo. Mwezi Juni 1940 askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa waliotekwa huko Chasselay, karibu na Lyon, waliuawa na Wajerumani kwa sababu ni weusi. Mtu mweusi anayeishi Paris mwaka 1944 ana kisasi chake mwenyewe, na sinema ya kisasi ingemwachia walau dakika tano.

Mpango wa moto wenyewe umefikiriwa vizuri. Filamu za enzi hiyo zilikuwa za nitrati. Zikiwaka hujitengenezea oksijeni zenyewe, kwa hiyo kuzifunika au kuzimwagia maji hakuzizimi, na ndiyo sababu viwanda viliziacha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Chumba cha projekta kilijengwa kwa kuta zisizoshika moto na vifuniko vya chuma vya kuangukia vidirisha joto likipanda. Shosanna anaikwepa kinga hiyo: rundo la filamu zaidi ya 350 linawekwa nyuma ya skrini, upande wa watazamaji, ambako hakuna kifuniko. Vilevile angalia anavyobadilisha projekta. Filamu ya milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, hivyo gurudumu la futi 2,000 hudumu dakika 22 hivi. Alama ndogo ya duara kwenye kona ya juu kulia humwambia fundi awashe mashine ya pili, na ya pili humwambia abadilishe. Kwenye gurudumu la nne Shosanna ameunga kipande alichokipiga mwenyewe, uso wake mkubwa ukiwaambia walio ukumbini kwamba wanakaribia kufa na kwamba anayewaua ni Myahudi. Mhariri Sally Menke ameikata sehemu hii kwa ustadi mkubwa. Kila tendo la mkono linaonekana na unajua linafanya nini.

Sasa historia, kwa ajili ya walimu hasa, kwa maana mwanafunzi akiandika mambo haya kwenye mtihani atapata sifuri. Hitler hakufa Paris. Alijiua Berlin tarehe 30 Aprili 1945, na Goebbels akajiua siku iliyofuata. Jaribio kubwa la kumuua mwaka 1944 lilikuwa la maafisa wake mwenyewe, bomu la Kanali Stauffenberg tarehe 20 Julai, na lilishindwa. Kikosi cha Raine hakikuwepo. Waingereza ndio waliokuwa na kikosi cha makomando wakimbizi wanaosema Kijerumani, wengi wao Wayahudi, waliopewa majina ya Kiingereza ili wakitekwa wasitambulike. Kisasi pia kilijaribiwa kweli. Mwezi Aprili 1946 kundi la manusura lililoanzishwa na Abba Kovner lilipaka sumu ya aseniki mikate ya wafungwa wa SS karibu na Nuremberg. Zaidi ya wafungwa 2,000 waliugua na hakuna kifo kilichothibitishwa. Adolf Eichmann alikamatwa Argentina mwaka 1960 akafikishwa mahakamani. Kambi za mauaji, ambako Wayahudi milioni kadhaa waliangamizwa, hazionekani hata mara moja katika dakika 153.

Mambo haya hayakuwa mbali na huku kama tunavyodhani. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu, bila kuwauliza wenyeji. Mkutano wao mkuu uliikataa mwaka 1905. Miaka ya 1930 baadhi ya Wayahudi walioikimbia Ujerumani walifika Kenya wakasimamia mashamba ya walowezi, na vita vilipozuka mwaka 1939 wakawekwa kizuizini kwa kuwa walikuwa na pasipoti za Kijerumani. Wanaume wa Nyanza na Magharibi waliochukuliwa Keya, jeshi la kikoloni, walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma, pande za vita ambazo sinema kama hii haziziangalii.

Na sasa mwisho. Milango ya jumba imefungwa kwa vyuma. Marcel anatupa sigara, skrini inashika moto, uso wa Shosanna unacheka juu ya moshi ilhali yeye mwenyewe amekwisha kufa kwa risasi. Watu wanajazana mlangoni wakiugonga. Kutoka roshani wapiganaji wawili wanawamiminia risasi mpaka baruti zilipuke. Dakika chache kabla, tulimwona Hitler akicheka kwa furaha akitazama sinema ya askari mmoja wa Kijerumani anayeua watu kutoka kwenye mnara. Tarantino ametuweka kwenye kiti kilekile, na katika hilo yuko makini. Lakini hakai hapo. Anatupa mandhari ya mwisho ya kukata na shoka ya Raine na Landa, na mtu anatoka akiwa ameridhika.

Kwa Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya, jengo lililofungwa na kuchomwa likiwa na watu ndani si kitu cha kubuni. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa waliokimbilia humo, wengi wakiwa wanawake na watoto. Mwishoni mwa mwezi huo mashambulizi ya kulipiza yaliikumba Nakuru na Naivasha, na Naivasha watu waliteketezwa ndani ya nyumba. Kwenye vizuizi vya barabara, jina la kitambulisho na lugha ya mama ndivyo vilivyoamua nani apite. Mtu aliyepitia hayo anaweza kuwa ameketi safu ya tatu ya banda lako. Waliomo katika jumba la Shosanna ni wakuu wa utawala wa mauaji, na hilo ni tofauti kubwa. Mlango unaogongwa kutoka ndani, hata hivyo, unasikika vilevile. Sinema hii tunaipenda, na tunasema bila kusita kwamba asionyeshwe mtu mwisho huu bila kuambiwa mapema kuna nini. Sentensi mbili kabla ya kuanza zinatosha, na uache njia ya kutokea wazi kwa asiyetaka kubaki.

Ni ya watu wazima tu: kuna vichwa kuchunwa, kunyongwa kwa mikono, na kisu kwenye paji la uso kinachoonyeshwa kwa karibu. Maonyesho ya hadhara yanahitaji leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu chini ya sheria ya filamu, Sura ya 222, pamoja na ruhusa ya mwenye hakimiliki. Shughulikia zote mbili kabla ya kubandika bango. Mapumziko yaweke sura ya tatu inapokwisha, kamwe si katikati ya baa. Na stima ikipotea baada ya Hicox kuketi mezani, ukirudisha umeme usianzie palipokatikia. Rudisha mpaka wanaposhuka ngazi za baa uanze upya.